Mvumo Juu ya Nguzo

Transfoma huvuma. Mchana mvumo huo humezwa na malori yanayopanda kutoka Mombasa, na makanga wanaoita abiria wa Emali na Wote, na mashine za kuchomelea vyuma katika vibanda vya jua kali. Lakini jioni, katika zile dakika chache ambapo msafara mmoja wa malori umekwisha kupita na mwingine haujafika, mtu aliyesimama chini ya nguzo pale Sultan Hamud huusikia: sauti nene, moja, isiyopanda wala kushuka. Ndani ya lile pipa la kijivu hakuna kinachozunguka. Hakuna gurudumu, hakuna pangaboi. Kinachovuma ni chuma chenyewe. Stima ya Kenya huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kila nguvu ya sumaku inapofika kileleni, upande huu au upande ule, mabamba ya chuma yaliyopangwa ndani ya mafuta hubadilika urefu kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho, kisha hujirudi. Vilele viwili kwa kila mzunguko. Mara 100 kwa sekunde, kiangazi na masika, mji ukiwa macho au umelala. Wengi wetu tumepita chini ya sauti hiyo tangu utotoni bila kuambiwa kwamba tunachokisikia ni sumaku ikifanya kazi.

Sultan Hamud ni mji wa kupitiwa. Inasimuliwa kwamba reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ilipofika hapa mwaka 1898, mahali penyewe palijulikana kwa namba tu: maili 250. Ndipo Sayyid Hamoud bin Mohammed, Sultani wa Zanzibar, akaja kuitazama reli, na jina lake likabaki baada ya mwenyewe kurejea pwani. Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga, na mgeni huyu aliacha jina. Tangu hapo vimepita vingi. Barabara kuu imepita. Mwaka 1978 likapita bomba la mafuta kutoka Changamwe kwenda Nairobi, nao mji ukapata kituo cha kusukumia mafuta yasiyokusudiwa kuishia hapa. Maji ya Nol Turesh, yanayotoka miteremko ya Kilimanjaro, hupita ukanda huu yakielekea miji ya mbali, katika nchi ambayo mito yake ni mchanga miezi mingi ya mwaka. Reli mpya ya 2017 nayo imepita, na ukitaka kuipanda unakwenda Emali. Juu ya vyote hivyo, kutoka mlingoti hadi mlingoti, zimepita nyaya.

Katika vyote vinavyopita, hicho cha mwisho ndicho kisichoweza kupita bila kurudi. Mwalimu wa sayansi anayetaka kueleza saketi kwa watoto wa hapa analo bomba la mafuta mlangoni pake: pampu ni betri, shinikizo ni volteji, wingi wa mafuta yanayopita kwa sekunde ni mkondo, wembamba wa bomba ni ukinzani. Mfano huo unafaa hadi mahali fulani, na mahali unapovunjikia ndipo penye somo. Mafuta yakifika Nairobi yamefika. Hakuna anayedai yarudishwe Changamwe. Saketi haikubali jambo hilo. Kata waya wa kurudi, na balbu inazimika papo hapo, hata kama waya wa kwenda ni mzima, umekazwa vizuri na umeng'arishwa. Njiwa anayetua juu ya waya wa kilovolti nyingi anaishi kwa sababu hiyo hiyo: miguu yake yote miwili iko kwenye waya mmoja, na mwilini mwake mkondo hauoni njia ya kurudia. Watu wa pwani, alikotoka Sultani, husema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Walikuwa wakizungumza juu ya chombo na mabaharia wake, lakini sijui maelezo ya saketi yaliyo mafupi kuliko hayo.

Mtoto aliyewahi kufungua tochi ya baba yake analijua hili kwa vidole. Mawe mawili ya tochi, kipande cha waya, balbu ndogo. Anashika waya kwenye kitako cha jiwe, anaugusisha kwenye kiuno cha balbu, hakuna kitu. Anageuza, anajaribu tena, na mara kijiuzi kilichomo kinawaka. Kilichobadilika ni kwamba duara limefungika. Tunapenda kusema kwamba umeme "umefika" kwenye balbu, lakini tukitazama kwa makini, hakuna kilichosafiri kwa namna tunayodhani. Chembe zinazobeba mkondo ndani ya waya wa tochi husogea pungufu ya milimita moja kwa sekunde, konokono angezipita. Balbu huwaka mara moja kwa sababu chembe zilikuwa zimejaa waya mzima tangu mwanzo, na duara lilipofungwa zikaanza kujongea zote pamoja, zilizo karibu na betri na zilizo mbali. Katika stima ya nyumbani hata huko kujongea hakuna: chembe hutikisika pale pale zilipo, huku na kule. Zile zilizo ndani ya waya wa nyumba ya Sultan Hamud hazikutoka bwawa la Masinga wala mitambo ya Olkaria. Zilikuwamo tangu waya ulipotoka kiwandani. Kilichokuja kutoka mbali ni nguvu ya kuzitikisa, na nguvu hiyo, ajabu yake, haipiti ndani ya waya jinsi mafuta yapitavyo ndani ya bomba. Huandamana na waya katika ile hewa inayouzunguka, kwenye uga wa umeme na uga wa sumaku. Waya ni njia ambayo nguvu hiyo huifuata tu.

Penye miti hapana wajenzi. Laini ya kilovolti 132 kati ya Juja na Rabai imepita katika nchi hii miaka mingi, na kituo cha Sultan Hamud kimefungwa juu yake. Kutoka hapa likatoka tawi linalopanda Wote, Kitui hadi Mwingi. Kwa miaka hiyo yote kulikuwa na nyumba chini ya nyaya ambamo watoto walisoma kwa koroboi, moshi ukiwaingia puani, na stima ya kutosha miji mizima ikipita mita chache juu ya bati lao. Uchungu wa jambo hilo ni wa haki, nami sitaki kuupunguza kwa fizikia. Lakini ni vizuri mtoto yule ajue pia kwamba kilichopita juu yake hakikuwa katika hali ya kuweza kumwangazia. Volti 132,000 ni mara 550 ya volti 240 ambazo taa yake ingezihitaji. Zilipandishwa hivyo kwa sababu ya hesabu isiyo ngumu. Tuseme kijiji kinatumia kilowati 100. Ukizipeleka kwa volti 240 unahitaji mkondo wa ampea zaidi ya 400, na waya wa kuubeba kutoka mabwawa ya Mto Tana ungepata moto njia nzima. Ukizipeleka kwa volti 132,000, mkondo haufiki hata ampea moja. Na kwa kuwa joto linalopotea hukua kwa kipeo cha pili cha mkondo, hasara katika waya ule ule hupungua si mara 550 bali mara 550 zilizozidishwa kwa 550, yaani zaidi ya mara 300,000. Ndiyo maana stima husafiri kwenye vilele ambavyo hakuna awezaye kuvigusa. Mpanda ngazi hushuka, lakini ashuke vipi, na wapi, hapo ndipo palipokuwa na swali la kijiji kile.

Hushukia kwenye sumaku. Fungua transfoma, nayo ikiwa imezimwa na kuthibitishwa kuwa haina umeme, utakuta koili mbili zimezungushiwa chuma kimoja. Moja ina mizunguko mingi ya waya mwembamba, nyingine mizunguko michache ya waya mnene. Zile volti 132,000 zikiwa zimeshushwa kwanza kituoni, kutoka volti 11,000 kuja 240 ni kama mizunguko 46 kwa mmoja. Sasa fuata waya wa upande wa kwanza kwa kidole, toka mwanzo hadi mwisho, ukitafuta mahali unapoungana na waya wa upande wa pili. Hutapaona. Haziungani. Hakuna tone la mkondo linalovuka kutoka koili ya kwanza hadi koili ya kijijini. Stima iliyokuja kutoka mbali inamaliza safari yake pale, ndani ya duara lake, na kurudi ilikotoka. Na katika chumba cha mama fulani kunaanza stima nyingine, mpya, yenye duara lake lenyewe. Kati ya mbili hizo upo uga wa sumaku ndani ya chuma, na ule mvumo.

Ilichukua muda binadamu kulifikia jambo hili. Mwaka 1800 Alessandro Volta alipanga vipande vya shaba na zinki na kupata betri ya kwanza. Mwaka 1820, huko Copenhagen, Hans Christian Ørsted aliona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya wenye mkondo, na tangu siku hizo tukajua kwamba kila mkondo huzaa sumaku kuuzunguka. Michael Faraday, mwana wa mhunzi, aliyeanza maisha kwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, akauliza kinyume chake: je, sumaku nayo inaweza kuzaa mkondo? Mwezi Agosti 1831 alizungusha koili mbili kwenye pete ya chuma. Alipounganisha betri kwenye koili ya kwanza, sindano iliyokuwa upande wa koili ya pili ilishtuka, kisha ikatulia. Betri ilikuwa bado imeunganishwa, mkondo ulikuwa bado unapita, sumaku ilikuwa bado ipo, na upande wa pili kimya. Alipokata, sindano ikashtuka tena, kinyume, ikatulia.

Hapa ndipo ninapokawia kila ninapofikiri juu ya mambo haya. Mkondo ulio thabiti, hata uwe mkubwa kiasi gani, haukuvuka. Kilichovuka ni badiliko. Koili ya pili haijali una nguvu kiasi gani; inajali tu kwamba nguvu hiyo inaongezeka au inapungua. Ndiyo sababu jiwe la tochi haliwezi kuendesha transfoma, na ndiyo sababu stima ya nchi nzima hulazimishwa kugeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde: bila kugeuka, isingeshuka kamwe kutoka kwenye milingoti. Nikiutazama mji huu, ambao umesimama mahali pamoja miaka zaidi ya 120 huku mambo makubwa yakipita mfululizo ubavuni mwake, najiuliza ni mangapi yalipita kwa uthabiti wa namna hiyo, na koili ya pili ikabaki kimya. Nadhani reli iligeuza zaidi pale ilipoanza na pale ilipoisha, na pale treni iliposimama na kuondoka, kuliko katika maili zote ilizopita kwa mwendo mmoja.

Chuma chenyewe si mgeni huku Ukambani. Muda mrefu kabla ya reli, wahunzi wa Kikamba walichota mchanga mweusi katika vijito, wakaupepeta, wakauyeyusha kwa makaa na viriba, na kufua majembe, mishale na mikufu myembamba iliyosifiwa hadi mbali. Mchanga huo mweusi bado upo. Mvua ikinyesha na mto wa msimu ukishuka, maji huacha michirizi myeusi juu ya mchanga mwekundu, na mtoto aliyetoa sumaku kwenye spika ya redio iliyokufa akiiburuta hapo huinuka nayo ikiwa imeota manyoya. Vitabu vya shule hutaka unga wa chuma wa maabara ili kuonyesha mistari ya nguvu kati ya ncha ya kaskazini na ya kusini. Hapa unga huo uko mtoni bure. Utandaze juu ya karatasi, weka sumaku chini, gonga ukingo wa karatasi taratibu, na michoro ile ile ya kitabuni hujipanga yenyewe. Huko Ikutha, kusini mwa Kitui, magnetaiti, yaani madini ya mchanga huo, iko kwa wingi kiasi cha kuhesabiwa kama hazina ya madini. Na shaba pia ilijulikana mapema: katika mizigo ya misafara, pamoja na shanga na nguo, yalikuwamo masango, nyaya nene za shaba zilizopanda bara huku pembe za ndovu zikishuka. Kivoi wa Kitui, aliyempokea mmisionari Krapf mwaka 1849, alikuwa mtu wa biashara hiyo. Waya ulizungushwa mkononi na shingoni, mzunguko juu ya mzunguko. Ilikuwa koili tayari. Ilikosa betri tu.

Lakini mchanga ule mweusi una jambo jingine ndani yake. Ulitoka katika miamba iliyowahi kuwa moto, na miamba inapopoa hushika mwelekeo wa sumaku ya dunia kama ilivyo saa ile. Milima ya Chyulu, inayoonekana kusini asubuhi zisizo na ukungu, ilianza kulipuka upande wake wa kaskazini zaidi ya miaka milioni moja iliyopita, na moto wake ukasogea kuelekea kusini-mashariki hadi kwenye mawe meusi ya lava iitwayo Shetani, ambayo ni ya juzi tu kwa hesabu ya miamba. Miaka kama 780,000 iliyopita sumaku ya dunia yote iligeuka, kaskazini ikawa kusini. Mwamba uliopoa kabla ya hapo waweza kubeba hadi leo mwelekeo ambao dira yetu haiutambui. Na sumaku hiyo ya dunia inatoka wapi? Karibu kilomita 2,900 chini ya miguu ya mtu anayesubiri matatu, chuma kilichoyeyuka hutembea, na kwa kutembea huzaa mikondo ya umeme, na mikondo huzaa sumaku, na sumaku hudumisha mikondo. Ni saketi isiyo na waya wala swichi. Manahodha waliovuka bahari kwa dira kuja Zanzibar na Mombasa walikuwa wakisoma habari za chuma hicho. Sindano ya dira ikining'inizwa huru katika nchi hii haielekei kaskazini tu. Ncha yake ya kusini huinama kuelekea ardhini, kwa kuwa tuko kusini mwa ikweta ya sumaku, inayopita Ethiopia.

Kutoka sumaku ya dunia turudi kwenye stima ya watu. Historia inayosimuliwa na Kenya Power, kampuni ya stima, huanzia kwa mtambo wa kuzalisha umeme uliokuwa wa Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash, wa kuangazia kasri lake na mitaa ya karibu. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, akauhamishia mtambo huo Mombasa, na ndipo kampuni ya kwanza ya stima ya mji huo ikaanza. Napenda kwamba njia hiyo hiyo, kutoka kasri la Zanzibar hadi Mombasa hadi bara, ndiyo iliyoleta jina la Sultani Hamoud kwenye kituo cha kilovolti 132 katikati ya Ukambani. Mtambo wowote wa aina hiyo, wa kasri au wa bwawa la Kindaruma, kiini chake ni koili na sumaku, kimoja kikizunguka mbele ya kingine. Na mtu aliyeendesha baiskeli yenye dainamo usiku anajua kwa mapaja yake kitu ambacho Heinrich Lenz alikiandika mwaka 1834. Unapoinua dainamo iguse tairi, taa huwaka, na pedali huwa nzito papo hapo. Si msuguano peke yake. Mkondo uliozaliwa huzaa sumaku yake, na sumaku hiyo huipinga ile iliyouzaa. Zima taa, huku dainamo ikiendelea kuzunguka, nawe utahisi wepesi. Kila taa inayowashwa Sultan Hamud usiku huu inaongeza uzito kidogo, mdogo sana lakini wa kweli, kwenye rafadha zinazozungushwa na maji ya Tana.

Kuna wanaozikata transfoma. Huzishusha usiku, humwaga au kuuza mafuta yake, huchukua shaba. Kilo chache za shaba sokoni ni fedha ndogo. Zikiwa zimezungushiwa chuma juu ya nguzo ni zahanati yenye friji ya chanjo. Shaba ni ile ile. Nasema hili kwa huzuni, wala sina la kuongeza.

Narudi kwenye suala la kurudi, kwa kuwa kuna njia moja ya marejeo tunayoikanyaga bila kuijua. Pamoja na reli ilikuja telegrafu. Telegrafu za enzi hizo kwa kawaida zilitandaza waya mmoja tu, na waya mmoja hautoshi kwa saketi tuliyoieleza. Waya wa pili ulikuwa ardhi. Mwaka 1838 Carl August von Steinheil alikuwa ameonyesha kwamba ukizika bamba la metali kila upande, mkondo utaenda kwa waya na kurudi kwa udongo. Mkono wa karani ulipobonyeza, sumakuumeme katika stesheni ya mbali ilivuta kijichuma chake na kutoa mlio, na duara likafungwa chini ya mibuyu na migunga, chini ya mashamba na makaburi. Hadi leo kila transfoma na kila nyumba iliyowekewa stima vizuri ina fimbo ya metali iliyopigiliwa ardhini, ili hitilafu ikitokea mkondo upate njia ya kurudi isiyopita katika mwili wa mtu. Ila udongo mkavu haupitishi umeme vizuri, na udongo wa huku Makueni hukauka kwelikweli. Kwa hiyo fundi huchimba shimo, hutia makaa na chumvi, kisha humimina maji. Mwanafunzi wa kidato cha pili akiuliza kwa nini mtungi mzima wa maji unamwagwa chini, mahali ambapo mama yake huamka saa kumi alfajiri kuyatafuta, astahili kujibiwa jibu zima: ayoni za chumvi ndani ya maji, ukinzani wa udongo mkavu na wa udongo uliolowa, mkondo wa hitilafu na mkondo unaotosha kusimamisha moyo, na fyuzi ambayo haitakatika kama ardhi haikuupokea mkondo. Apewe mita aipime ardhi hiyo mwenyewe, kabla ya maji na baada ya maji, na aandike tarakimu zote mbili.